Njia ya hewa ya Subaru WRX: nibaki na boksi la filta la kiwandani, niweke filta ya koni, au nishushe bomba kwenye fenda?

Kipanga_GDA, Dar es Salaam
Wakuu, habari za jioni. Nina Impreza WRX ya 2003, injini EJ205, manyuo, imetoka Japani haijaguswa kitu. Nataka ivute hewa vizuri. Fundi wangu anasema ng'oa boksi lote, weka filta ya koni na bomba la milimita 76, shilingi 280,000 na kazi imekwisha. Jirani yangu ananishauri nishushe bomba hadi ndani ya fenda lichukue hewa baridi. Chaguo la tatu ni kuacha boksi la kiwandani na kubadili filta ya ndani tu. Gari naendea kazini, na karibu kila mwezi napanda nayo Morogoro. Naomba wenye uzoefu wa mikono yao wanisaidie.

SilindaNne, Arusha
Pole na hongera kwa chombo, kaka. Mimi nilikaa na koni miezi minne kwenye Forester yangu ya turbo (ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini), injini ni hiyo hiyo. Mlio ni mtamu, sikatai, ukikanyaga unaisikia turbo ikivuta pumzi. Lakini sensa ya hewa ya gari hizi ina kipima joto ndani yake, kwa hiyo ukichomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na simu unaona hewa inaingia ikiwa na joto gani. Kwenye spidi 80 boksi na koni vilikaribiana sana. Kwenye foleni, boksi lilisoma nyuzi 41, koni 63. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa asilimia 9 hivi. Intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, inapoza kiasi, ila nayo imekaa juu ya injini, na gari likisimama inapikwa pamoja na kila kitu. Nilirudisha boksi langu.

Mlima_Longonot, Nairobi
Mimi linalonitisha ni hilo bomba la 76, wala si koni. Gari hii haihesabu hewa kwa kukisia. Ndani ya sensa kuna waya mwembamba unaopashwa moto, hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inajua hewa ni kiasi gani kwa umeme unaohitajika kuudumisha na joto. Hesabu hiyo ilipangwa kwa kipenyo cha kiwandani. Ukihamishia sensa kwenye bomba pana, hewa ile ile inapita polepole, waya unapoa kidogo, na kompyuta inaamini imeingia hewa chache kuliko ilivyo. Kwa mfano, kutoka milimita 70 kwenda 76 eneo linaongezeka kwa karibu asilimia 18. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni ya ekzosi itarekebisha petroli. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta inaacha kuisikiliza hiyo na kufuata sensa ya hewa. Petroli inapungua wakati ule ule turbo inasukuma kwa nguvu zote, injini inaanza kugonga (petroli inalipuka kabla ya wakati wake), na pistoni za EJ huvunjika hapo kwenye kingo zinazoshika ringi. Bomba la kipenyo kingine liende pamoja na kompyuta kupangwa upya, siku hiyo hiyo. Fundi asiyekutajia hilo usimkabidhi ufunguo.

BodiNyeusi, Dar es Salaam
Kuhusu fenda, nitasema la kwangu. Nilikuwa na bomba refu, filta imekaa chini nyuma ya bampa. Hewa ilikuwa baridi kweli. Mvua za masika nikapita Jangwani maji yakiwa ya nusu tairi, nikaona wengine wanavuka nami nikavuka. Injini ilizima katikati. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo pistoni ilipopanda ikakuta kitu kisichosogea, na konrodi moja, ule mkono unaoshika pistoni, ikapinda. Niliifungua mwenyewe nikisaidiana na fundi, nikaiona, imepinda kama kijiko. Kwa barabara zetu, ndugu yangu, filta ikae juu.

AlHarthy_Maskati
Assalaam alaykum. Huku kwetu Oman kiangazi joto linapita 40 kivulini, kwa hiyo tunaijua adha ya hewa moto. Mimi boksi sikulitoa. Nilihakikisha mdomo wake wa mbele, ule unaochukua hewa juu ya rejeta, upo na umekaa sawasawa, maana magari mengi nakuta umevunjika au umetupwa, na boksi linanyonya hewa ya ndani ya boneti kama koni tu. Kaka, angalia hapo kabla hujatoa hata shilingi. Na ukichagua filta ya pamba inayopakwa oili, paka kidogo. Ikizidi inarukia ule waya wa sensa alioueleza bwana wa Nairobi.

FundiUpepo, Mwanza
Wakuu, tunabishana kwa masikio wakati jambo hili linapimika. Nunua mpira wa kuonea, ule mwembamba unaopitisha mwanga, mita tatu. Ukunje umbo la U kwenye ubao, tia maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja iache wazi, nyingine ichomeke kwenye bomba baada ya filta. Mtu wa pili akae na ubao, wewe kanyaga gia ya tatu hadi mizunguko 6,000 mahali salama. Maji yanapanda upande mmoja, na tofauti ya pande mbili ndiyo taabu ambayo turbo inaipata kuvuta. Kila sentimita 10 ni asilimia 1 hivi ya kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari.

Kwenye WRX ya mteja niliyoipima: filta kuukuu iliyojaa vumbi, sentimita 31. Filta mpya ya karatasi, 19. Boksi tupu bila filta, 16. Yaani filta nzima ya karatasi inazuia sentimita 3. Ndizo hizo unazozitafutia laki mbili na themanini. Na mtu akitoka Mombasa kwenda Nairobi anapoteza karibu asilimia 18 ya kanieneo hiyo kwa mwinuko peke yake.

Penye shida ya kweli ni mbele ya hapo: ule mpira mweusi unaopita chini ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) hadi kwenye turbo. Una miaka zaidi ya 20 sasa. Mvuke wa oili wa injini unaulainisha, turbo ikivuta kwa nguvu unajibana, na mwisho unapasuka shingoni. Ukipasuka, hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Piga moshi mle ndani uone unatokea wapi.

Kijana_Turbo, Dodoma
Na ile valvu ya kutoa sauti ya pshhh, naweza kuifunga pamoja?

Mlima_Longonot, Nairobi
Hapana, ndugu. Hewa unayoimwaga nje imeshahesabiwa na sensa, petroli yake inakuja na hewa haipo. Acha ile ya kiwandani inayoirudisha kwenye bomba.

Kipanga_GDA, Dar es Salaam
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Mdomo wa boksi haukuwepo kabisa, nimepata wa gari la kukatwa. Filta ya karatasi mpya nimeweka. Jana tumepiga moshi: ulitoka polepole nyuma kulia, karibu na turbo. Tukamulika na tochi, mpira una ufa wa urefu wa kidole gumba, na ukiubonyeza unabonyea kama embe bivu. Mpira wa silikoni wa kipenyo kile kile cha kiwandani nimeagiza, unafika Ijumaa. Fundi anasema lazima manifodi inyanyuliwe, gari lilale kwake siku mbili. FundiUpepo, mpira wa kuonea nimeshanunua. Nitapima kabla na baada, nilete namba hapa.