Hoja ya mama kwanza, au chama chake kwanza?

Mchangiaji aliyenitangulia ameuliza kwa nini tunalalamikia majina wanayobandikwa wanawake wanaosimama kusema hadharani, ilhali siasa ni ushindani na kila mtu anapaswa kujulikana yuko upande gani. Naliheshimu swali hilo, nami nitaanza kulijibu kwa jambo nililolishuhudia mwenyewe.

Katika mkutano mkuu wa kijiji kimoja wilayani Newala, mama mmoja aliinuka kuuliza maombi ya mkopo ya kikundi chao cha kubangua korosho yamekwama wapi. Hajamaliza hata sentensi ya pili, sauti ikatoka nyuma: "Huyo si wetu, ni wa wale." Tangu hapo mkutano ukageuka kuwa ubishi kuhusu mume wake, kama kweli alikuwa wakala wa chama fulani siku ya uchaguzi, na kila aliyesimama alieleza anachokijua juu ya kadi za familia ile. Mama alikaa chini akiwa ameshika daftari la kikundi ambalo hakuna aliyeomba kuliona.

Mkopo wenyewe hauna chama. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, na tangu marekebisho ya mwaka 2018 hautozwi riba. Ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upitiwe upya, kisha ukarejeshwa. Hata hivyo, huku kwetu nimewasikia wengi wakiuita hela ya chama, na jina hilo linaumiza pande zote mbili: mama anayehesabiwa kuwa wa upinzani hajisumbui kuomba, na aliyeupata anaambiwa amezawadiwa, hata kama amerejesha kila shilingi kwa jasho la kubangua. Kwa hiyo swali la maana, yaani vikundi vingapi viliomba, vingapi vilipata na kwa vigezo gani, linabaki bila mwenyewe.

Majina ya namna hii hayakuanza jana. Baada ya mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing, China, mwaka 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella, neno Beijing liliingia vijiweni na majumbani kama kashfa. Mwanamke aliyedai sehemu yake ya shamba la mikorosho aliambiwa ameleta mambo ya Beijing, ingawa katika ukoo wa Kimakonde au Kimwera, ambako nasaba ilifuatwa upande wa mama, dai lake lilikuwa na mizizi ya hapa hapa. Nalisikitikia sana jambo hili, kwa sababu jina lilimfanya mtu aonekane mgeni katika mila za bibi yake mwenyewe.

Mwaka 2020 tulishuhudia jambo lingine. Wanawake 19 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum kwa jina la CHADEMA. Chama kikasema hakikuwateua, kikawavua uanachama. Hapo palikuwa na swali zito la kikatiba kuhusu nani mwenye mamlaka juu ya viti hivyo. Badala yake, mitaani walipewa jina la ugonjwa uliokuwa ukiua watu wakati ule, na kwa wengi mjadala ukaishia hapo. Mtu anaweza kuwaona wamekosea, na bado akakiri kwamba jina lile halikusaidia kulijibu swali.

Lakini mahali ambapo majina yanatugharimu zaidi Kusini ni katika unyago. Anayesema mafunzo fulani yasubiri mpaka mwali akomae, au sherehe ziwekwe likizo ili mtoto asikose masomo, anaitwa mwanaharakati aliyetumwa. Anayesema unyago unafundisha usafi, heshima na namna ya kuishi na watu anaitwa mtu wa mila potofu. Nimewahi kukaa na nyakanga mmoja, yaani mkufunzi wa unyago, ambaye alikuwa tayari kabisa kupunguza sehemu za mafunzo kulingana na umri wa wanawali wake, ila alikataa kulisema hilo mkutanoni kwa kuhofia kwamba watu wa upande mmoja wangemtumia kama ushahidi na wa upande mwingine wangemwita msaliti. Huyo ndiye hasa tuliyemhitaji azungumze, na majina yamemnyamazisha.

Umri wa ndoa nao una hali hiyo hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Wanaojadili bado wanaulizana nani anapinga dini na nani ametumwa na wafadhili, huku binti mwenyewe akitajwa mwishoni, kama akitajwa.

Najua jibu litakalokuja: chama humpa mwanamke nguvu. Ni kweli. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake wengi TANU kuanzia mwaka 1955, na asingeweza kufanya hivyo bila chama. Lakini alianzia kwenye vikundi vya ngoma, ambako wanawake walikuwa wanajuana na kusikilizana kabla ya kadi. Tena leo anayetaka hata uenyekiti wa kijiji lazima adhaminiwe na chama, kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi. Basi kumtukana mwanamke kwa vazi ambalo sheria imemlazimisha kulivaa si haki. Na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, bila kuulizwa kadi.

Ninachopendekeza ni kidogo: mwenyekiti wa mkutano airudie hoja ya aliyesimama kwa maneno yake mwenyewe, aulize kama ameielewa sawasawa, na asimruhusu mtu kuzungumzia chama cha msemaji mpaka hoja ijibiwe au ipangiwe siku ya kujibiwa. Anayeona pendekezo hili halitekelezeki aeleze ni kwa nini. Na kwa mchangiaji aliyenitangulia nina swali moja: kama yule mama wa Newala angekuwa na kadi ya chama chako, ni neno gani katika swali lake la mkopo lingebadilika?