Mrejesho: ugumu wa rangi uliokuwa ukinibadilikia kila nikipima kwa penseli

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini rangi yangu ya epoksi, ile ya kuchanganya na hadina (kigumishi), niliyopaka kwenye bati, ilinipa HB leo na 2H kesho yake, penseli zilezile (ni alama za ugumu wa penseli: HB ni laini kuliko H, na H ni laini kuliko 2H; jibu ni penseli ngumu kuliko zote isiyokwaruza rangi). Mlinijibu niangalie ncha, kisha nisubiri rangi ikomae. Yote mawili yalikuwa kweli.

Ncha ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilikuwa nachonga kwa kichongeo hadi inachoma kama sindano! Sasa natoa mbao tu kwa kisu, naacha ncha ya mviringo yenye urefu wa milimita 5 hivi, naisimamisha wima juu ya msasa namba 400 na kuizungusha mpaka uso uwe bapa na ukingo mkali, bila pengo hata dogo. Ukingo ule ukilika upande mmoja, kipimo hakina maana. Na kila mkwaruzo naupa ukingo mpya.

Penseli nailaza nyuzi 45 kwenye kigari chenye uzito wa gramu 750, nakisukuma kwenda mbele. Kabla ya kusoma nafuta unga wa penseli kwa kifutio, maana ule mstari mweusi ulinidanganya mara nyingi kuwa ni mchubuko.

Baada ya siku 7, bati lilelile: H haikuacha alama, 2H ikakwaruza. Nimerudia mara tatu, jibu ni H. Asanteni sana, mmeniokolea bati zima la kukwangua upya.