Mpira ulipopasuka au kufichwa, refa wenu aliamua nini? Wacheza ndondo tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu, nina donge tangu Jumapili na mke wangu ameshachoka kunisikiliza, acha nilishushe huku.

Fainali ya bonanza la mtaa, zawadi mbuzi na seti ya jezi. Kiwanja ni cha vumbi, magoli ni ya miti, na kwenye mlingoti wa kulia wa goli la upande wa barabarani kuna msumari waliofungia nyavu ukabaki umetokeza. Kila mtu anaujua. Kipindi cha kwanza sisi ndio tunashambulia goli lile. Winga wetu kaachia shuti, mpira ukagonga mlingoti, tukasikia "pyuu", ukaingia golini umenywea kama chapati. Sisi tunashangilia, refa anapuliza: hakuna goli, mpira umepasuka kabla ya kuvuka mstari, unadondoshwa (refa anauangusha chini mchezo uendelee). Tukabisha mpaka sauti zikakauka. Baadaye tukanyamaza, maana alionekana anajua anachosema.

Mapumziko, tukabadilishana magoli. Dakika ya 70 hivi wao wanapiga, mlingoti uleule, msumari uleule, "pyuu", mpira ndani. Refa akaonyesha kati! Nahodha wetu kamuuliza, jibu lake: "Huu uliisha upepo ukiwa umeshavuka." Tumefungwa 1-0.

Sasa sitaki mnipe pole. Nataka visa vyenu vya mipira kupasuka, kubadilishwa, kufichwa, na refa aliyeamua hivi asubuhi na vile jioni. Tiririkeni.

Kibendera Mstaafu

Mkuu, nimeshika kibendera na filimbi miaka mingi, ngoja nikusaidie halafu nikiri dhambi yangu.

Sheria namba 2 ndiyo inayohusu mpira. Mzunguko sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Ukiharibika mchezo ukiendelea, refa anasimamisha, unaletwa mwingine, unadondoshwa. Kama ilikuwa ndani ya boksi anadondoshewa kipa, ndivyo ilivyo tangu mabadiliko ya 2019. Ukiharibika wakati wa kona, goli kiki, faulo au mpira wa kurusha, pigo linarudiwa. Na hakuna anayebadilisha mpira bila ruhusa ya refa, hata kama ni wa mjomba wake. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili ni wa mtu aliyeona jua linazama na watu wana njaa ya mbuzi.

Dhambi yangu sasa. Penalti ikipigwa na mpira ukapasuka njiani kabla haujamgusa mchezaji, mlingoti wala mtambaapanya, inarudiwa. Siku hiyo ulipasukia mikononi mwa kipa. Alikuwa ameshaupangua kabisa, kijana wa watu! Mimi kwa haraka nikakumbuka neno moja tu, "inarudiwa". Ikarudiwa, ikaingia. Yule kipa hakunitukana. Alinitazama tu, na mpaka leo tukikutana sokoni mimi ndiye ninayebadili njia.

Namba Moja Mgongoni

Kibendera, umenigusa, na mimi ni kipa.

Ya kwetu si kupasuka, ni kuyeyuka. Ligi ya wilaya, ugenini. Mechi inaanza mipira mitatu ipo pembeni, mizuri tu. Wenyeji wakapata goli dakika ya 60. Kuanzia hapo ukitoka mmoja haurudi. Waokota mipira waliokuwa wanakimbia kama swala sasa wanatembea kama wanakwenda kupima presha. Mmoja ulitua kwenye shamba la mihogo, mtoto akaenda kuutafuta, na yeye asionekane tena! Dakika ya 80 tumebaki na mmoja, nao ukarushwa juu ya paa la ofisi ya kata. Ikatafutwa ngazi.

Refa aliongeza dakika 2. Mbili! Mechi ya marudiano kwetu (sitaficha, nasi tulificha) refa yuleyule akaongeza 9, wakasawazisha ya 8. Sheria inamtaka afidie muda uliopotea, lakini kwa kipimo kipi? Ligi Kuu ya Uingereza siku hizi wanapanga mipira ya akiba kwenye koni kuzunguka kiwanja, mchezaji anaufuata mwenyewe. Huku kwetu hiyo mipira ingefika jioni salama?

Na msisahau muokota mipira akichangamka anaua pia. Liverpool na Barcelona, 2019, ile kona ya Alexander-Arnold wa Liverpool ilipigwa upesi vile kwa sababu dogo alishautoa mpira. Barcelona wanajipanga, Origi ameshafunga la nne.

Shemeji wa Tandika

Kwetu mwenye mpira akifanyiwa sub anaondoka nao. Refa wetu alikuwa anajua, kwa hiyo yule jamaa alicheza dakika 90 msimu mzima na hajui hata kukaba.

Mpwani

Salamu kutoka Mombasa. Sisi viwanja viwili vimegusana, hapa wanacheza wakubwa, pale watoto. Mpira wa watoto ukaingia kwetu, ukakaa kwenye sita, lile boksi dogo mbele ya goli. Fowadi wa wapinzani akapiga, beki wetu akauokoa ule wa watoto kwa ustadi wa ajabu, wa mechi ukapita kando yake ukaingia. Refa kwanza akakataa goli. Wazee wakamzunguka, akakubali. Beki akalia, akakataa tena. Mara tatu kwa goli moja, wallahi.

Nasikia sheria yenyewe husema mpira wa pili ukiingia na kuvuruga mchezo, simamisha, dondosha. Usipovuruga, endelea. Lakini hata wakubwa huteleza: Oktoba 2009, Sunderland na Liverpool, shuti la Darren Bent wa Sunderland liligonga puto la ufukweni lililotupwa kutoka kwa mashabiki wa Liverpool, likampoteza kipa Reina, refa Mike Jones akaweka kati, goli. Mechi ikaisha 1-0. Basi wa kwetu ana heri, alibadilisha mawazo.

Kiungo wa Zamani

Mimi kilichoniudhi ni mpira wa badala kuwa mpira mwingine kabisa. Tumeanza na saizi 5 wa ngozi, umelowa mvua, mzito. Ukapasuka. Ukaletwa saizi 4, mwepesi, unacheza na upepo kama mfuko wa rambo. Refa akaubonyeza kwa dole gumba, akasema twendeni. Goli mbili tulizofungwa kipa wetu alikuwa ameruka upande sahihi, mpira ndio ulighairi.

Bishaneni mtakavyo, ugomvi huu ni wa kale. Fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, Montevideo 1930, Argentina na Uruguay kila mmoja alitaka mpira wake. Wakagawana: kipindi cha kwanza wa Argentina, wakaongoza 2-1. Cha pili wa Uruguay, ikaisha 4-2 kwa Uruguay. Angalau refa wao aliyasema hayo kabla ya filimbi ya kwanza.

Mwanzisha uzi

Kibendera asante. Nimemuonyesha nahodha maelezo yako, amesema angeyapata Jumapili angeyasoma kwa sauti pale kati.

Shemeji wa Tandika

Mkuu, na mbuzi je?

Mwanzisha uzi

Alichinjwa palepale nyuma ya goli. Supu walituletea bakuli mbili. Refa alikuwa anakula la kwao.