"Mpiga Picha Wetu" ni nani? Picha waliyoichapa ni yangu

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Gazeti moja la kila siku, linalouzwa nchi nzima, limechukua picha niliyoipiga hapa Kilosa, mkoani Morogoro, wakati wa mafuriko, likakata sehemu ya chini yenye nembo ya blogu yangu, likaiweka ukurasa wa mbele na kuandika chini yake maneno matatu: "Mpiga Picha Wetu". Ukiitazama kwa makini, kwenye pembe ya kushoto bado kinaonekana kichwa cha herufi K, kwa kuwa aliyekata alikuwa na haraka na hakupandisha mkasi vya kutosha.

Naomba nieleze picha hiyo ilivyopatikana. Mto Mkondoa ulipofurika niliamshwa saa tisa usiku kwa simu ya dada yangu anayeishi ng'ambo ya mto. Nilikodi bodaboda kwa shilingi 12,000. Dereva akanishusha pale barabara ilipokatika, nami nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi, kamera nimeifunga ndani ya koti la mvua. Kulipopambazuka nilimwona mama mmoja akivuka maji yaliyomfika kiunoni, beseni kichwani, na ndani ya beseni sare za shule za wanawe zimekunjwa vizuri kana kwamba zimetoka kupigwa pasi. Nilimpiga picha, kisha nikamfuata na kumwomba ruhusa ya kuichapisha. Alikubali kwa sharti moja tu, kwamba niandike wazi kuwa watoto wake wawili wako salama shuleni kwenye mwinuko, kwa sababu ana ndugu Gairo ambao wangeiona picha hiyo na kuingiwa na hofu. Niliandika hivyo hivyo, katika sentensi ya kwanza.

Gazeti lilipoichapa, maelezo yalisema mkazi wa Kilosa akiwatafuta wanawe waliosombwa na maji. Jioni, katika taarifa ya habari ya saa mbili, kituo kimoja cha televisheni kikaionesha picha ile ile, kikarudia maneno yale yale, na pembeni kikaandika "Picha: Mtandao". Siku ya pili ndugu wa yule mama waliteremka kwenye basi kutoka Gairo wakiwa wamejifunga khanga za msiba, wakilia tangu stendi. Mama alikuja nyumbani kwangu akaniuliza, "Mwanangu, nilikukosea nini hata ukasema wanangu wamekufa?" Nilimwonesha nilichoandika, lakini yeye hakusoma blogu yangu, alikuwa na ukurasa wa gazeti mkononi.

Hilo ndilo linalonikera kuliko shilingi yoyote ambayo ningelipwa. Watu wengi wanadhani bloga anapodai jina lake liandikwe anatafuta sifa, na wahariri wanapenda kutujibu hivyo. Jina lililo chini ya picha ndilo linalomwongoza mhariri, au msomaji mwenye shaka, kwa mtu aliyekuwapo. Laiti jina langu lingeachwa pale lilipokuwa, pamoja na namba ya simu iliyo juu ya ukurasa wa blogu, mtu mmoja katika chumba cha habari angenipigia kwa dakika mbili na kuuliza huyu mama ni nani na wanawe wako wapi. Walipoifuta nembo walimfuta pia shahidi pekee waliyekuwa naye, kisha wakajaza pengo kwa kubuni.

Nilimpigia simu mhariri wa zamu. Alinisikiliza kwa adabu, nakiri, lakini majibu yake yalikuwa mawili: kwamba picha ikishawekwa mtandaoni ni ya wote, na kwamba blogu si chombo cha habari. Namuuliza hapa hadharani: kama blogu si chombo cha habari, kwa nini alichukua huko picha ya ukurasa wake wa mbele? Na la kwanza si kweli hata kidogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha, na haibagui iliyochapwa kwenye karatasi na iliyo kwenye intaneti. Habari yenyewe haina mwenyewe, hilo nalikubali: Mkondoa ukifurika, gazeti lolote lina haki ya kusema umefurika bila kuniomba ruhusa. Picha ni jambo jingine. Ni kazi ya mtu aliyesimama mahali fulani saa fulani, na anayeitumia hana budi kuomba na kumtaja.

Wala asiniambie kwamba hakujua ni ya nani. Mwaka 2018, Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilipoanza kutumika, mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka, na asiye na leseni alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, lakini mimi nilizikuta zikiwa vile vile na nikauza ekari moja ya shamba la mpunga ili nisifunge blogu, wakati wenzangu kadhaa wa mkoa huu walifunga na hawajarudi mpaka leo. Basi ninafahamika: nina leseni, nina namba ya mlipakodi, na nikiandika jambo la uongo najulikana pa kukamatwa. Inakuwaje nijulikane siku ya kulipa na siku ya kushtakiwa, lakini siku ya kutajwa kwenye gazeti niwe "mtandao"?

Magazeti yenyewe yanayafahamu maumivu haya. Mwaka 2017, redio na televisheni zilipokuwa zikisoma magazeti kwa kirefu katika vipindi vya asubuhi, Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliagiza ziishie kwenye vichwa vya habari ili msomaji abaki na sababu ya kununua nakala yake. Niliunga mkono agizo hilo. Kazi ya mwandishi wa gazeti ilistahili kulindwa, na ya kwangu inastahili vivyo hivyo.

Sitetei kila mwenye blogu. Wapo miongoni mwetu wanaonakili habari nzima ya gazeti, wakabadilisha kichwa na kuibandika kama yao, na wahariri wana haki ya kuwakasirikia. Mimi mwenyewe nimegombana nao mara nyingi. Lakini wizi wa bloga wa Dar es Salaam hauwezi kulipwa kwa picha ya bloga wa Kilosa.

Simlaumu pia mwandishi wa kujitegemea wa wilayani, anayelipwa kwa habari moja moja na ambaye nauli ya kufika eneo la tukio inazidi malipo yake. Huyo hunipigia na kusema, "Kaka, nirushie zile picha," nami humrushia, naye kila mara huomba makao makuu waniandike. Jina langu linafutwa mezani, Dar es Salaam.

Kinachouma zaidi ni kwamba watu hawa wa magazeti ni ndugu zetu wa kazi. Muhidin Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti la serikali alipoanzisha blogu yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, na Ndesanjo Macha, aliyekuwa na safu yake gazetini, ndiye aliyetuonesha wengi kwamba inawezekana kublogu kwa Kiswahili. Tulitoka katika vyumba hivyo hivyo vya habari.

Nimeandika barua kwa gazeti na kwa kituo cha televisheni, na nimeweka madai kwa mpangilio huu. Kwanza wasahihishe habari ya watoto, ukurasa wa mbele na katika taarifa ya saa mbili, mahali pale pale walipoikosea, na wamwombe radhi yule mama. Pili waandike jina la aliyepiga picha. Malipo yaje mwisho. Nimewapa siku 14. Wasipojibu, nitapeleka malalamiko Baraza la Habari Tanzania na COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki nchini.

Ukurasa wa gazeti ninao, pamoja na picha halisi yenye tarehe na saa iliyopigwa. Ninachokosa ni kipande cha taarifa ya habari ya jioni ile. Yeyote aliyekirekodi, hata kwa simu mbele ya televisheni, naomba aniandikie faragha.