Mjadala: Chandarua cha miaka mitatu kinachochakaa mwaka wa pili, tuendelee kukinunua kwa kigezo cha bei?

Mtoa hoja (bwana afya mstaafu, Mwanza)

Ndugu zangu, hoja ninayoileta kwenu ni moja. Taifa letu liache kununua vyandarua vyenye viuatilifu kwa kuangalia bei ya kipande kimoja, na badala yake lihesabu ni usiku ngapi chandarua hicho kitamlinda mtoto aliyelala ndani yake kabla hakijageuka tambara. Nimefanya kazi ya afya ya jamii kwa muda mrefu, nimebeba marobota ya vyandarua kwenye baiskeli, pikipiki na mitumbwi, na kwa miaka yote hiyo nimesikia ahadi ileile kwamba chandarua cha dawa ya muda mrefu hudumu miaka 3. Sisi tuliokuwa tukirudi kwenye nyumba zilezile tulijua kwamba sivyo.

Ahadi hiyo ina asili yake. Shirika la Afya Duniani linataka chandarua cha aina hii kihimili kufuliwa mara 20 katika maabara na kidumu miaka 3 katika matumizi ya kawaida. Mipango ya ugawaji ikaichukua ile miaka 3 kana kwamba ni sheria ya maumbile, kampeni zikapangwa kwa mwendo huo, na watu wakaambiwa wasubiri zamu yao. Mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa kwetu, katika wilaya 8, na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na washirika wake, waliofuatilia aina tatu za vyandarua majumbani kwa miaka 3. Muda wa kati ambao chandarua kilibaki nyumbani kikiwa bado kinafaa ulikuwa miaka 2.0 kwa aina moja, 2.5 kwa nyingine na 2.6 kwa ile iliyodumu kuliko zote. Hakuna hata aina moja iliyofikisha mitatu. Tena zile zilizodumu zaidi ndizo zilizotoka nafuu, gharama ilipogawanywa kwa miaka ya matumizi.

Naomba niwaoneshe jinsi chandarua kinavyopimwa, maana wengi hulisikia neno «kuchakaa» bila kujua kwamba lina hesabu yake. Unakitundika mahali penye mwanga, unakizunguka upande kwa upande, na kila tundu unalipima kwa mwili wako mwenyewe: lile lisilozidi kidole gumba linapewa alama 1, linalozidi gumba lakini halipitishi ngumi alama 23, linalopitisha ngumi lakini halipitishi kichwa alama 196, na linalopitisha kichwa alama 576. Ukijumlisha, chandarua kisichozidi 64 ni kizuri, na kikivuka 642 kinahesabiwa kuwa kimekwisha kazi. Kwa hiyo tundu moja la kichwa na matatu ya chini ya ngumi, jumla 645, yanatosha kukiondoa kazini, hata kama sehemu nyingine yote bado inang'aa kama kilivyotoka kwenye mfuko.

Katika kijiji kimoja mama mmoja alinitolea chandarua chake, na nikahesabu mafundo kabla ya matundu. Alikuwa ameyakusanya matundu na kuyafunga, kila moja fundo lake, kama anavyofunga pesa kwenye ncha ya khanga. Mengine alikuwa ameyashona kwa uzi wa kiroba. Chandarua kilikuwa na miezi 19. Upande uliochakaa zaidi ulikuwa ule wa chini, unaochomekwa chini ya mkeka na kukwaruzwa kila asubuhi na fito za kitanda ambazo hazikupigwa randa. Mama yule hakuwa mzembe hata kidogo. Ndiyo maana nasikitika kila ninaposikia kwamba vyandarua havidumu kwa sababu wananchi hawajui kuvitunza.

Mchangiaji (mhudumu wa programu ya malaria, Kigoma)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hoja yako kwa heshima, na kuhusu yule mama nakubaliana nawe. Hata hivyo, niruhusu nipingane nawe katika mambo mawili.

La kwanza ni fedha. Sehemu kubwa ya vyandarua vyetu hununuliwa kwa misaada, na bajeti ikishapangwa haiongezeki kwa sababu tumependa kitambaa kizito. Nikinunua chandarua ghali zaidi, nitanunua vichache. Kaya yenye watu sita itapata viwili badala ya vitatu, na watoto wawili watalala nje. Kinga ya vyandarua haimfaidii mwenye nacho peke yake, kwa kuwa mbu wanapokufa kwa wingi hata jirani asiye na chandarua hupata nafuu. Tukipunguza idadi kwa kutafuta uimara, tunaibomoa faida hiyo ya pamoja. Kati ya mwaka 2000 na 2015 watafiti walikadiria kwamba wagonjwa milioni 663 wa malaria waliepukwa barani Afrika, na zaidi ya theluthi mbili ya mafanikio hayo yalitokana na vyandarua hivihivi unavyoviita dhaifu.

La pili ni dawa. Adui mkubwa leo ni mbu aliyezoea pairethroidi, ile dawa ya kuua mbu inayotiwa kwenye vyandarua vya kawaida, kuliko tundu la kwenye kitambaa. Tazama utafiti wa Misungwi, huko huko kwenu Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka 2, maambukizi kwa watoto waliopewa vyandarua vya kawaida yalikuwa asilimia 45.8, na kwa waliopewa vyenye mchanganyiko wa pairethroidi na klofenapiri, dawa ya aina nyingine, yalikuwa asilimia 25.6. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza rasmi. Kama ipo shilingi ya ziada, mimi nitaiweka kwenye dawa mpya kabla ya kuiweka kwenye uzi.

Tena, mzee wangu, hapa kandokando ya Ziwa Tanganyika vipo vyandarua vinavyovua dagaa. Tusijifanye hatuvioni.

Mchangiaji (fundi cherehani, Morogoro)

Mimi si mtu wa afya. Nashona, na majirani huniletea vyandarua nivitie viraka, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono yangu.

Chandarua hakikufumwa kama kitenge, uzi kwa uzi ukikatizana. Kimefumwa kwa vitanzi, kama fulana. Kitanzi kimoja kikikatika kwa kunaswa na msumari, vya jirani huanza kulegea, na ukivuta kidogo tundu linapanda. Vipo vya poliesta, ambavyo ni laini na watu huvipenda kwa kuwa havikwaruzi mwili, na kila uzi wake ni nyuzi nyingi nyembamba zilizokusanywa pamoja. Vipo pia vya polietilini, uzi mmoja mnene na mgumu, ambavyo wengi huvilalamikia kwamba vinaleta joto na vinachoma ngozi. Nilidhani vigumu ndivyo vitakavyodumu, lakini meza yangu haikuniambia hivyo. Namna vitanzi vilivyofungwa ina uzito kuliko unene wa uzi. Chandarua kilichofumwa vizuri, tundu lake hubaki pale pale lilipoanzia, na kiraka cha ukubwa wa kiganja kinatosha. Kisichofumwa vizuri, natia kiraka Jumatatu, na Ijumaa mtu huyohuyo ananiletea tundu jipya pembeni ya kiraka changu.

Panya ni jambo jingine. Hukata mahali palipodondokewa na chakula, hasa pale watoto wanapolala. Dhidi yao sijaona kitambaa kinachosalimika.

Mtoa hoja

Marahaba kijana wangu, na wewe fundi nakushukuru sana, kwa maana umesema katika aya mbili jambo ambalo vikao vingi nilivyokaa havikuligusa. Uimara ni ufundi wa kiwandani, na ufundi huo unaweza kupimwa kabla chandarua hakijapakiwa melini: nguvu ya kuhimili kunaswa, nguvu ya kuhimili mkwaruzo, na tabia ya tundu kupanda au kutulia. Zabuni inayouliza bei na kiasi cha dawa, isipouliza haya, inamwadhibu mtengenezaji anayefuma vizuri, kwa sababu gharama zake ni kubwa kidogo na atashindwa kila mara.

Sasa nije kwenye hesabu yako ya watoto wawili watakaolala nje. Tuseme, kwa mfano tu, chandarua kimoja kinauzwa dola 2 na kinadumu miaka 2. Hiyo ni dola 1 kwa mwaka. Kingine kinauzwa dola 2.70 na kinadumu 3. Hizo ni senti 90. Juu ya hapo weka gharama ya kukisafirisha, kuandikisha kaya, kulipa wagawaji na mafuta ya magari, ambayo kwa chandarua dhaifu itabidi uilipe mapema zaidi. Wewe umehesabu watoto wa siku ya ugawaji, na siku hiyo hesabu yako ni sahihi. Mimi nawahesabu watoto wa mwezi wa 30, ambapo vile vitatu ulivyogawa kwenye kaya ya watu sita, kimoja kimebaki na kimejaa mafundo.

Kuhusu Misungwi, nakuomba usiishie mwaka wa pili. Dawa ile mpya ni nzuri kweli, na nilifurahi ilipopendekezwa, kwa kuwa nimeona wodi za watoto zilivyokuwa zikijaa baada ya masika. Lakini utafiti huohuo ulipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, waliokuwa bado wanalala ndani ya vyandarua vya utafiti walikuwa takriban mtu mmoja kati ya watano, na faida ikapungua. Dawa iliyo bora kuliko zote haiwezi kumfikia mbu ikiwa kitambaa kilichoibeba kimeshatupwa nyuma ya banda la kuku. Tena jambo unaloliita adui mkubwa linazidisha uzito wa hoja yangu: mbu alipokuwa akifa kwa kugusa tu, hata chandarua chenye matundu kiliendelea kumlinda mtu, kwa sababu mbu alikufa akitafuta njia. Mbu aliyezoea dawa analitafuta tundu akiwa mzima, na akilipata anaingia.

Na hao wavuvi. Sikatai kwamba wapo, na anayevua kwa chandarua kipya anaua mazalia ya samaki pamoja na afya ya nyumba yake. Lakini nyumba nyingi nilizoingia, chandarua kilichofunika miche ya mchicha au kilichosokotwa kuwa kamba ya mbuzi kilikuwa kimekwisha kazi ya kitandani kwanza. Mtu maskini hatupi kitambaa. Tukimwona nacho bustanini tunasema amekiharibu, wakati yeye amekiokota baada ya sisi kumwacha bila kingine.

Mhudumu wa programu, Kigoma

Mzee wangu, hesabu ya mwezi wa 30 imenigusa, na sitaipinga. Naongeza jambo ambalo linaelekea upande wako: tangu mwaka 2013, mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma ilipoanza kugawa vyandarua kila mwaka kupitia wanafunzi wa shule, na baadaye wajawazito wakaendelea kupewa kwenye hudhurio la kwanza la kliniki na watoto wanapochanjwa surua wakiwa na miezi 9, tumepata njia ya kuziba pengo bila kungojea kampeni. Njia hizo zinapunguza madhara ya chandarua kufa mapema. Hofu yangu ni kwamba zinaweza pia kuuficha ubovu wake, maana kila mwaka kinaingia kingine na hakuna anayeuliza cha mwaka juzi kilikwenda wapi.

Bado kuna kitu kimoja kinanisumbua. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2013 wa kukadiria maisha ya chandarua kutokana na takwimu za majumbani, kwa hiyo njia ya kupima ipo. Lakini kufuatilia chandarua kimoja kwa miaka 3 kunachukua miaka 3, na zabuni haisubiri. Tutakapokuwa na jibu, kiwanda kitakuwa kimeshabadilisha ufumaji. Ukiwa wewe ndiye unayesaini, utaamini vipimo vya maabara vya fundi wa kiwanda, au utasubiri mafundo ya yule mama?

Mtoa hoja

Nitasaini kwa vipimo vya maabara mwaka huu, na ndani ya mkataba huohuo nitaandika kwamba sehemu ya malipo italipwa baada ya kaya kutembelewa mwezi wa 24. Mwenye hoja ya kisheria dhidi ya sharti hilo aniletee, nitamsikiliza.