Kompyuta ya mezani chumba cha nyuma: ripita, antena ya USB au kebo?

MkaziWaKireka
Habari za jioni ndugu zangu. Ruta iko sebuleni, kompyuta chumba cha nyuma, katikati kuta mbili za matofali. Waifai inashika kwa shida na mikutano ya video inakatika kila mara. Nyumba ni ya kupanga. Dukani wananiambia ripita (kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena), rafiki anasema antena ya waifai ya kuchomeka kwenye USB, mwingine kebo ya mtandao. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

FundiWaArua
Kabla hujatoa hela, beba kompyuta hadi sebuleni upime kasi kando ya ruta. Ikiwa hata pale inajikokota, shida ni kifurushi au laini yenyewe, na ripita haitakusaidia. Ikiwa inakimbia, basi ni kuta.

Kwa kompyuta isiyohama, mimi ni kebo tu. Kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Ila nunua ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba inakatika ovyo. Ripita za bei rahisi hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Utaona alama za waifai zimejaa, na video bado inakwama.

DadaWaJinja
Kaka Fundi, mpangaji atatoboaje ukuta wa mwenye nyumba? Ningeanza na antena ya USB ya bendi mbili, yaani inayoshika masafa yote mawili ya waifai, 2.4 na 5 GHz. Kadi ya waifai iliyo ndani ya kompyuta huwa na antena fupi zilizobanwa nyuma, kati ya boksi la chuma na ukuta. Ya USB unaitia kwenye waya wa kurefusha na kuisimamisha juu ya meza. Usiichomeke karibu na diski ya USB 3.0, hizo huvuruga 2.4 GHz.

MwalimuBombo
Na ruta yenyewe iko wapi? Iwe juu, pawe wazi, mbali na maikrowevu. Bendi ya 5 GHz ina kasi lakini ukuta huipunguza sana. 2.4 hupenya zaidi, ila kwenye nyumba zilizobanana majirani wote wamo humo. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, na kwa 2.4 uchague chaneli (njia ndogo ndani ya bendi) 1, 6 au 11, yoyote isiyo na msongamano. Hizo tatu haziingiliani. Hiyo ni bure.

MkaziWaKireka
Asanteni sana. Kando ya ruta inakimbia vizuri, kumbe ni kuta. Ruta ilikuwa nyuma ya televisheni. Nimeipandisha juu ya kabati na chaneli nimebadilisha. Imeongezeka, lakini video bado inasita.

FundiWaArua
Basi pitisha kebo juu ya fremu za milango, uishike kwa klipu za kubandika. Hakuna kutoboa, na ukihama unaondoka nayo.

DadaWaJinja
Kama milango inafunga bila kuibana, hapo nakubali. Ikibanwa, rudi kwenye antena.