Kura ya siri Marekani: kabla ya 1888 watu walipigaje?

Swali: Wakuu, Massachusetts ilipitisha sheria ya kura ya siri mwaka 1888. Kabla ya hapo nani alichapisha karatasi, na kura zilinunuliwaje?

Jibu la 1: Mkuu, vyama vyenyewe vilichapisha. Kila karatasi ilikuwa na wagombea wa chama kimoja tu, mara nyingi kwa rangi au ukubwa wa pekee. Wakala alikukabidhi nje ya kituo, akakutazama mpaka uitumbukize sandukuni. Kiini ni hapo: mnunuzi alishuhudia kwanza, kisha akalipa. Jimbo la Indiana, 1888, barua iliyohusishwa na William Dudley, mweka hazina wa kamati ya taifa ya chama cha Republican, ilielekeza wapiga kura wa kununuliwa wagawanywe watano watano, kila kundi na msimamizi mwenye fedha. Kumkataa mgombea mmoja kuliwezekana: unalifuta jina, au unabandika kijikaratasi chenye jina jingine juu yake.

Jibu la 2: Mtindo mpya ulitoka Australia. Serikali inachapisha karatasi moja yenye wagombea wote, inatolewa kituoni tu, unaiwekea alama ndani ya kituturi. Kufikia uchaguzi wa rais wa 1892 majimbo mengi yalikuwa yameufuata.

Jibu la 3: Tusiwasahau watu wa majimbo ya Kusini. Asiyejua kusoma alipoteza karatasi ya rangi aliyoizoea. Arkansas, kwa sheria ya 1891, msaada wake ulikuwa maofisa wa uchaguzi, na uteuzi wao ulikuwa mikononi mwa Democrats, chama cha weupe waliotawala Kusini wakati huo. Weusi wengi, na weupe maskini pia, waliacha kupiga kura. Dhuluma hiyo ilipita kwa jina la mageuzi.